Jibini ya Irente, Muhogo wa Amani

Mgeni anayepanda Usambara kwa mara ya kwanza huelekezwa Lushoto, na akishafika Lushoto huelekezwa Irente. Si mbali, ni kama kilomita tano kutoka mjini, kwa bodaboda au kwa miguu kama pumzi zinaruhusu. Shamba la Irente ni mali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Lina vyumba vya kulala wageni, miti mikubwa ya kivuli, ng'ombe wa maziwa, na jiko ambalo sifa zake zimetembea mbali kuliko sifa za vyumba. Wapo wanaopanda mlima kwa ajili ya chakula cha mchana tu, wakimaliza wanateremka.

Chakula chenyewe hakina makuu. Sinia huja na mkate mweusi wa rai, mzito, wenye uchachu kidogo. Ipo jibini iliyotengenezwa pale pale, na nyingine laini ya kupaka. Pembeni kuna siagi, jamu, mboga mbichi za bustanini na juisi ya tunda lililoiva wiki hiyo. Mkate huu hautaki haraka: aliyezoea mkate mweupe wa dukani humeza tonge la kwanza kwa adabu tu, la pili kwa udadisi, na kufikia la tatu ameshashika kisu anakata kipande kingine. Jamu ndiyo inayokueleza upo wapi, kwa sababu matunda yake ni yale yale yanayouzwa kwenye ndoo kando ya barabara ya Soni: plamsi, pichesi, matunda damu.

Matunda hayo yalikuja na watu. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifungua kituo Mlalo mwaka 1891, na serikali ya kikoloni ikafuata nyuma yao, ikaufanya Lushoto mji wa wilaya na kuuita Wilhelmsthal kwa heshima ya mfalme wao. Mji upo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku unavuta blanketi, na Mzungu wa wakati ule, aliyeogopa homa ya pwani kuliko alivyoogopa simba, aliona amepata kwao kwa pili. Akapanda alivyovijua: peasi, matofaa, plamsi, kabichi, viazi. Washambaa, ambao tangu zamani walikuwa wakilima migomba na kuchimba mifereji ya maji kwenye miteremko hii, walivichukua vigeni hivyo wakavifanya vyao. Leo malori yanayoteremka kwenda Mombo usiku yamebeba matenga ya nyanya, magunia ya karoti na kabichi zilizofungwa lumbesa, na alfajiri yanashusha mzigo masoko ya Dar es Salaam. Mtu wa Kariakoo anayenunua hoho anakula Lushoto bila kujua.

Kutoka shambani, mwendo mfupi unakufikisha ukingoni. Hapo mlima unakatika ghafla, na chini kabisa, kama mita elfu moja, yanaonekana mashamba na nyumba za Mazinde, na ng'ambo yake tambarare ya Wamasai hadi macho yachoke. Kila anayefika hupiga picha ile ile.

Sifa za Irente ni halali, na niliondoka nimeshiba. Ila sinia ile ni nusu tu ya habari za Usambara mezani, tena nusu iliyo nyepesi. Nusu ya pili ipo mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera, kwenye milima mifupi zaidi, yenye mvua zaidi, yenye msitu mzito zaidi na wageni wachache zaidi. Huko hakuna jibini. Huko kuna Amani.

Kutoka Lushoto hakuna njia ya mkato kwa gari. Unateremka kona zote za Soni hadi Mombo, kilomita thelathini na kitu, unashika lami kuelekea Korogwe, halafu Muheza. Sehemu hiyo ya njia ni nchi ya mkonge. Mistari yake inapita dirishani kama imechorwa kwa rula. Mkonge wote huo una asili ya kustaajabisha. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Ilisafiri kwa meli hadi Hamburg, kutoka Hamburg hadi Tanga, na ilipohesabiwa, iliyokuwa hai ni 62. Miche hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa jina kubwa katika soko la kamba duniani, na ndiyo iliyoleta vibarua kutoka kila kona ya nchi na nje yake kuja kukata majani haya yenye miiba.

Muheza ni machungwa. Msimu ukiwa umekolea, yanarundikwa pembeni mwa barabara kama kokoto za ujenzi, na kati ya malori yanayosubiri yamo yenye namba za Kenya. Hapa ndipo unapoacha lami. Gari la Amani halina ratiba ya kujivunia. Linaondoka likijaa, na kujaa kwake kuna maana pana: watu, kuku, mabati, dumu za mafuta ya taa, godoro. Mtu mwenye haraka akodi pikipiki, lakini atakosa mazungumzo.

Njia inapita katikati ya misaji ya Longuza, shina baada ya shina zilizonyooka, kisha inafika Sigi, kwenye lango la hifadhi. Nyumba ya mbao iliyopo hapo ilikuwa ya mkuu wa stesheni. Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni, karibu na Muheza, hadi Sigi, kazi iliyokamilika mwaka 1910, ili kuteremsha mbao na mazao ya milimani. Reli yenyewe iling'olewa zamani. Nyumba imebaki, na sasa ni kituo cha maelezo kwa wageni. Mto uliopo jirani, nao ukiitwa Sigi, unateremka hadi bwawa la Mabayani na kuingia kwenye mabomba ya jiji la Tanga. Kila kikombe cha chai Tanga mjini kimeanzia huku juu, kwenye majani yanayochuruzika.

Kuanzia Sigi ni kupanda. Joto linabaki nyuma, masikio yanaziba, na kwenye mita 900 hivi msitu unafunguka kidogo na kuonyesha mabati mekundu ya nyumba za zamani.

Neno bustani linaweza kumdanganya mgeni. Anayetazamia vitanda vya maua vilivyopangwa na njia za kokoto atapita katikati ya bustani ya Amani akiuliza ilipo. Ni zaidi ya hekta 300 za miti, iliyotawanywa kwenye miteremko kati ya bonde na kilima, na kwa macho ya haraka inafanana na msitu wenyewe. Ukiangalia vizuri ndipo unapoona mambo hayalingani. Mbona michikichi imesimama mistari? Mbona kuna mianzi minene kama paja, mti wa kafuri kutoka Asia, misonobari ya Australia, mdalasini ulioota hadi ukawa mti wa kupandwa na watoto? Ukikwangua gome la mdalasini huo kwa ukucha, harufu inabaki kidoleni hadi jioni.

Taasisi ilianzishwa mwaka 1902, na jina lake la Kijerumani lilikuwa refu kuliko njia ya kuifikia. Kwa Kiswahili chepesi: Taasisi ya Biolojia na Kilimo. Aliyeisukuma sana ni Franz Stuhlmann, mtu ambaye miaka kumi kabla alikuwa ametembea hadi maziwa makuu pamoja na Emin Pasha, na ambaye aliamini koloni linaweza kulipa gharama zake likipandwa mimea sahihi. Basi wakaagiza mbegu kutoka kila mahali ambapo jua ni kali. Chai ilipandwa Amani mwaka ule ule wa 1902, miaka zaidi ya ishirini kabla ya kuwa zao la biashara Tanganyika. Walijaribu mkwinini, kokoa, vanila, pilipili manga, iliki, pamba, miti ya mpira ya kila aina.

Walikuwa na sababu ya kujaribu kwa uangalifu, maana wenzao walishaungua. Miaka ya 1890 makampuni ya Kijerumani yalifyeka msitu wa Usambara Mashariki na kupanda kahawa, yakianzia Derema. Hesabu yao ilionekana haina kasoro: msitu mkubwa kiasi hiki lazima uwe umesimama juu ya udongo wenye rutuba. Kumbe rutuba ilikuwa kwenye msitu wenyewe, kwenye majani yanayoanguka na kuoza na kufyonzwa tena kabla mvua haijayaondoa. Chini yake kulikuwa na udongo mwekundu wenye tindikali, uliooshwa na mvua za maelfu ya miaka. Kahawa ikazaa vizuri miaka michache, kisha ikanyong'onyea. Leo miteremko ile ni ya chai, zao linaloupenda udongo wa namna hiyo, na ukisimama Kwamkoro asubuhi unaona wachumaji wamezama hadi kiunoni kwenye kijani, vikapu mgongoni.

Vita ya mwaka 1914 iliigeuza Amani kuwa duka la dharura. Meli za Uingereza zilifunga bahari, na jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck halikupata tena dawa kutoka Ulaya. Wataalamu wa miti wakageuka wafamasia na wapishi. Walitoa kwinini kwenye magome ya mikwinini yao, wakatengeneza sabuni, mafuta, na vileo pia. Baadaye, jeshi lilipofukuzwa milimani, askari walichemsha magome na kunywa maji yake machungu, ambayo kwa utani waliyaita pombe ya Lettow. Waingereza waliiteka Amani mwaka 1916, wakaiacha ilale zaidi ya miaka kumi kabla ya kuifufua chini ya William Nowell kama kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki nzima. Mtaalamu wao wa mimea, Peter Greenway, alitembea akiuliza wenyeji majina ya miti na majani, na mwaka 1940 kamusi yake ya majina ya mimea kwa Kiswahili ilitoka toleo la pili. Mikusanyiko ya mimea iliyokaushwa hapo Amani tangu enzi za Wajerumani ndiyo iliyohamia Nairobi mwaka 1950 na kuwa mzizi wa hebaria ya Afrika Mashariki. Kituo cha kilimo nacho kikahamishiwa Muguga, nje ya Nairobi. Majengo yakachukuliwa na watafiti wa malaria, na baadaye taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu.

Hayo yote mgeni anaweza kuyasoma. Ninalotaka kulisema mimi limo jikoni.

Nyumba za wageni za Amani ni za kawaida: vyumba visafi, mashuka mazito, veranda inayotazama ukungu. Asubuhi meza ina chai ya milima hii iliyotiwa iliki ya milima hii, muhogo wa kuchemsha, ndizi mbivu, parachichi kubwa linalotosha watu wawili. Mgeni aliyetoka Irente na kumbukumbu ya jibini anaweza kudhani ameshuka daraja. Usiku unakuja ugali na mboga ya kijani kibichi iliyoiva hadi kukaribia weusi, imeungwa kwa nazi. Ukiuliza ni mboga gani unajibiwa, kisamvu. Ukiuliza zaidi unaambiwa, kisamvu cha mpira.

Anayekijua kisamvu cha muhogo atatambua tofauti ulimini. Hiki ni kizito zaidi, na nyuzi zake ni laini. Majani yanachumwa machanga, yale ya nchani, yanapondwa kwenye kinu pamoja na kitunguu hadi yawe kama tope, halafu yanachemshwa kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Kupika haraka ni hatari na mpishi yeyote wa Tanga anajua: majani haya, kama ndugu zake wa muhogo, yana sianidi inayotoka kwa kupondwa na kuchemka. Nazi inaingia mwisho, tui la kwanza baada ya moto kupungua. Wengine huongeza karanga au nyanya chungu.

Mti wenyewe upo nyuma ya nyumba nyingi kuanzia Muheza hadi Pangani. Una majani yenye vidole kama muhogo, shina jepesi linalobabuka gome kama karatasi, na ukiukata unatoa utomvu mweupe. Jina lake la kitaalamu ni Manihot glaziovii. Kwao ni Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazili. Ulikuja Afrika Mashariki kwa ajili ya magurudumu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 dunia ilikuwa na kiu ya mpira, na wakulima wa Kijerumani waliamini mti huu ndio dhahabu ya Tanga. Mashamba yakatandazwa. Mwaka 1910 bei ilipaa, na makampuni ya London yakaja kununua mashamba ya Wajerumani kwa pesa ambazo wauzaji hawakuamini. Kisha mpira wa Malaya na Ceylon, uliotoka kwenye mti mwingine wenye utomvu mwingi zaidi, ukafurika sokoni. Mwaka 1913 bei ilianguka chini. Mwaka huo huo Albrecht Zimmermann, aliyekuwa mkuu wa Amani, alichapisha huko Ujerumani kitabu kizima cha namna ya kulima na kugema mti huu. Ni vigumu kupata kitabu kilichotoka wakati mbaya kuliko hicho.

Mashamba yaliachwa. Lakini mti haukujua kwamba biashara imekufa. Uliendelea kuota wenyewe, unastahimili ukame, hauhitaji mbolea, na majani yake yapo hata pale mchicha umekauka. Akina mama wa pwani wakautia kinuni. Hakuna ofisi iliyoagiza hilo, na sijaona sanamu ya yeyote kwa kazi hiyo.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya kutosha, ila mti wa mpira ulikuwa na kazi nyingine.

Mwaka 1894 mtaalamu Otto Warburg alieleza ugonjwa wa muhogo uliokuwa Usambara, majani yakijikunja na kuwa na mabaka ya njano. Hiyo ndiyo batobato, na hayo ndiyo maandishi ya kwanza ya kitaalamu kuhusu ugonjwa huo popote duniani. Zimmermann, yule yule wa kitabu cha mpira, mwaka 1906 alihisi kwamba chanzo chake ni kirusi. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1936, mtafiti H. H. Storey akiwa Amani alieleza ugonjwa wa pili, michirizi kahawia, ambao ni mjanja zaidi: mmea unaonekana mzima juu, mkulima anachimba kwa furaha, anakata muhogo na kukuta ndani umeoza kwa mistari ya kahawia. Ukanda wa Tanga una bahati hiyo mbaya ya kuwa mahali ambapo magonjwa makuu mawili ya muhogo wa Afrika yalitambuliwa kwanza.

Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walianza kutafuta muhogo unaostahimili. Walikusanya aina kutoka kila mahali, na karibu zote ziliugua. Ndipo wakamgeukia ndugu wa muhogo aliyekuwa amesimama bustanini na kwenye mashamba yaliyotelekezwa. Mti wa mpira haukuwa ukihangaishwa sana na batobato. Tatizo ni kwamba hauna mizizi ya kula. Ukiuchavusha na muhogo, mtoto anarithi ukaidi wa mti wa mpira na ubahili wake pia. Dawa ilikuwa subira: kumchavusha mtoto tena na muhogo, na mjukuu tena na muhogo, na kitukuu tena, kila mara ukitupa wagonjwa na wasiozaa, hadi upate mmea wenye mizizi minene na majani safi. Ilikuwa kazi ya miaka mingi, katika nyakati za vita vya dunia, kwenye miteremko hii hii ya matope. D. L. Jennings aliipokea miaka ya 1950 na kuiendesha hadi programu ilipofungwa.

Programu ilifungwa, mbegu zikasafiri. Baadhi zilifika Nigeria miaka ya 1950, na kutoka kwenye mbegu hizo ukachaguliwa mmea uliopewa namba 58308. Miaka ya 1970 watafiti wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki huko Ibadan, wakiongozwa na S. K. Hahn kutoka Korea, waliutumia mmea huo kama mzazi wa aina mpya zilizosambaa Afrika nzima. Batobato kali ilipoivamia Uganda miaka ya 1990 na kuwaacha watu na njaa, moja ya aina zilizosaidia kurudisha muhogo mashambani ilikuwa ile ambayo Waganda wanaiita Migyera, mzaliwa wa Ibadan, mwenye damu ya Amani. Nigeria, inayoongoza duniani kwa kuzalisha muhogo, ina deni kwa mti wa mpira ulioshindwa biashara Tanga.

Karibu na nyumbani jambo hilo lina sura ya kupendeza. Mmea mmoja wa Amani, namba 46106/27, ulitoka bila jina la maana na ukapewa majina na wakulima wenyewe. Pwani ya Kenya wanauita Kaleso. Kusini mwa Tanzania wanalima muhogo uitwao Namikonga. Wataalamu walipopima vinasaba waligundua kwamba Kaleso na Namikonga ni mmea mmoja, umepita mikono ya wakulima pingili kwa pingili, kwenye magunia na juu ya basi, kwa zaidi ya nusu karne. Na kwa kuwa unastahimili michirizi kahawia kuliko nyingi, watafiti wa Tanzania wameuchavusha na aina iitwayo Albert ili kujua ustahimilivu huo umekaa sehemu gani ya vinasaba.

Lakini haya hayajaandikwa popote kwenye meza ya nyumba ya wageni. Mgeni huletewa muhogo wa kuchemsha kama kitu cha kujazia sahani, karibu na chumvi, na anausogeza pembeni akisubiri mayai. Nadhani hapo Amani inajinyima. Irente imejua kuuza mkate wake, na kila anayeondoka anasimulia. Huku juu, chakula chenye historia kubwa kuliko vyote Usambara kinaletwa kimya kama cha kuombea radhi.

Bustani nayo haina usafi wa malaika. Baadhi ya ilivyoleta vimetoroka. Mfano wa wazi ni mhesi, mti unaokua haraka kutoka upande wa Ziwa Viktoria, ambao jina lake la kitaalamu, Maesopsis eminii, linambeba yule Emin Pasha wa Stuhlmann. Ulipandwa Amani mnamo 1913 kwa ajili ya mbao. Hondohondo waliyapenda matunda yake, wakaruka nayo na kuangusha mbegu kila walipotua. Msitu ulipokatwa mbao ovyo hadi miaka ya 1980, mhesi ukakuta nafasi zimeachwa wazi kwa ajili yake. Leo ukisimama mahali pa juu na kutazama vilele vya miti, unaona taji zake zimetandaa kati ya miti asilia, ambayo mingine haipatikani popote nje ya milima hii. Walinzi wa msitu huutaja mhesi kwa sauti ambayo mkulima hutajia nguruwe pori.

Iliki pia ina kesi yake. Inapenda kivuli, kwa hiyo wakulima waliipanda chini ya msitu, wakifyeka vichaka na kubakiza miti mikubwa. Kwa miaka mingi ndiyo iliyolipa karo na kuezeka nyumba za vijiji vya juu. Lakini chini yake miche ya msitu haioti, na baada ya miaka kadhaa udongo unachoka na mkulima anasogea. Hifadhi ya Amani ilipotangazwa mwaka 1997, ikiwa na hekta 8,380, swali la iliki lilibaki wazi jirani yake, Derema. Wakulima zaidi ya elfu moja walilipwa fidia waache mashamba yao ya msituni, na wengi wao mpaka leo wanasema malipo hayakulingana na walichokiacha. Ukinunua iliki kwenye genge la kijiji, muuzaji anaipima kwa kikombe kidogo cha bati na bei haipunguzi hata senti. Nilipojaribu kuomba nyongeza nilipewa punje tatu na tabasamu.

Na lipo ua dogo la zambarau ambalo haliliwi na halitoroki. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya, aliliokota kwenye miamba ya maeneo haya, na mbegu zikafika kwa baba yake Ujerumani. Mtaalamu wa bustani ya Herrenhausen akalipa jina Saintpaulia. Sasa linauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani kwa mamilioni, limekaa madirishani kwa watu wasiojua Tanga ni wapi, na huku kwake limebaki mahali pachache penye kivuli na maji yanayodondoka. Mwongoza wageni akikuonyesha, atakuomba usikanyage.

Atakayekwenda aepuke Aprili na Mei, maana masika huifanya njia ya kutoka Sigi iwe tope, na gari la abiria hulala njiani. Julai hadi Septemba ni baridi na kavu kiasi, na Januari ina jua. Kwa Irente si lazima kulala: unaweza kufika mchana, ukala, ukanunua jamu ya kubeba. Amani inahitaji angalau usiku mmoja, koti la mvua hata kiangazi, viatu vinavyoshika, na fedha taslimu. Mwongozaji wa bustanini achukuliwe kabla jua halijapanda, wakati mbega bado wapo matawi ya chini.

Chakula jikoni hupikwa kwa kuagiza. Kisamvu cha mpira kiagizwe asubuhi kama kitaliwa usiku, kwa sababu lazima mtu aende kuchuma, mwingine aponde, na sufuria ikae motoni saa nyingi. Anayekikumbuka saa kumi na mbili jioni ataletewa kabichi.